Mwalimu kafungwa mikono, halafu anaulizwa kelele za nini

Mhariri,

Miaka yote nimesoma gazeti hili nikanyamaza, lakini ile ripoti yenu ya utovu wa nidhamu shuleni imenichefua. Kumbe lawama zote ni zetu, walimu tuliolegea!

Sitetei kiboko. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 28, unataka nidhamu ya shule izingatie utu wa mtoto, na ni haki kabisa. Lakini kiboko kilipoondoka tuliachiwa nini? Waraka. Waraka unasema ushauri nasaha. Mshauri nasaha wa shule yetu ni mwalimu wa hisabati mwenye vipindi kutwa nzima, na ofisi yake ni kona ya stoo ya madawati mabovu.

Muhula uliopita nilikuwa naandika ubaoni, mvulana mmoja wa nyuma akawa anagonga dawati kwa rula. Nikigeuka, kimya; nikirudi ubaoni, anaanza upya. Nikamwambia atoke nje. Akanitazama, akauliza, "Nisipotoka, utanifanya nini?" Darasa likaangua kicheko. Nikampeleka mwenyewe kwa mwalimu wa nidhamu, na kabla vumbi la chaki halijatulia kesharudi na kikaratasi: aruhusiwe kuingia, asikose masomo. Asikose masomo! Na wenzake je? Yule binti wa dawati la mbele, aliyeinamia daftari vidole vikiwa masikioni, masomo yake nani kayaulizia? Kesho yake akaja mzazi, simu inarekodi, anataka nimwombe mwanawe radhi. Mwalimu mkuu ananikonyeza nikubali yaishe. Sikuomba, na sitaomba.

Halafu kuna hizo fomu. Kila tukio nakala tatu, kwa mkono, hata kama una rundo la madaftari ya kusahihisha. Sehemu ya hatua zilizochukuliwa ina nusu mstari. Sehemu ya mwalimu kueleza yeye alichangiaje kosa ina ukurasa mzima. Sijawahi kuona fomu ikirudi na jibu, na wala sijui nani anazisoma.

Pendekezo langu ni dogo. Kila aliyetia saini waraka ule apewe darasa hilohilo, kipindi cha mwisho cha Ijumaa, muhula mzima, bila msaidizi. Fomu nitampelekea mwenyewe. Kalamu aje nayo, za shule zimekwisha.

Mwalimu wa sekondari
(Jina limehifadhiwa)