Mafuta ya damu na saratani ya tezi dume

Mhariri,

Taarifa yenu kuhusu mafuta ya damu kama kiashiria cha saratani ya tezi dume inatia moyo, ila isomwe kwa tahadhari, kwani mafuta hayo hubadilika kwa chakula, kisukari na dawa za lehemu. Aliyekunywa supu na chapati asubuhi halingani na aliyefunga.

Hata PSA, kipimo cha damu cha protini itokayo kwenye tezi dume, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 1994 kusaidia kugundua saratani hiyo, hupanda kwa maambukizi au tezi iliyovimba tu, na ndivyo baba yangu mdogo alivyochukuliwa vinyama vya tezi, akakaa wiki tatu bila usingizi, asikutwe na kitu.

Naomba watafiti wawapime wanaume wa hapa kwetu kabla kipimo kipya hakijatangazwa, na wakati huohuo hospitali za wilaya zipunguze gharama za PSA.

Msomaji,
Morogoro