Zuhura, toa ile karatasi kwenye droo

Kwako Zuhura,

Salamu, na pole sana ya ugonjwa. Huku sote wazima, mama anakusalimu mno. Mengine tutasalimiana siku nyingine, maana nina neno moja na limenikaba tangu jana.

Mwanaisha kaniambia umeacha mazoezi. Kasema unashinda umelalia upande mmoja, pazia limefungwa, vidonge vya kizunguzungu viko chini ya mto, na karatasi uliyopewa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo umeikunja ukaitia kwenye droo. Ati unasema, "Nikitikisa kichwa ndiyo kwanza nazidi, sasa mazoezi gani hayo?" Niliposikia hivyo nilinyamaza. Maneno hayo niliyasema mimi, mwaka juzi, kitandani vilevile.

Nisikilize basi. Kizunguzungu kile kinachokuja ukifanya zoezi la kwenye karatasi, ukigeuza kichwa huku umeikazia macho ile herufi iliyobandikwa ukutani, ndicho kinachoufundisha ubongo. Wamekwambia neva ya sikio la kushoto, ile inayosaidia mwili usiyumbe, imedhurika, pengine na virusi, kama mimi. Sikio la kulia linapeleka taarifa kamili za mwendo wa kichwa, la kushoto linanong'ona tu, na ubongo ukizilinganisha unaona kama unazungushwa ilhali umekaa. Neva yenyewe huenda isipone yote. Ila ubongo unaweza kujifunza hesabu mpya, na hauwezi kuisahihisha kama haujaoneshwa kosa. Ukigeuza kichwa kulia, macho hutakiwa yaende kushoto kwa kasi ileile, karibu papo hapo, ndani ya milisekunde kama 10. Yakichelewa, herufi inatikisika. Mtikisiko huo unaouogopa ndio kosa lenyewe, ndilo somo! Ukilala kimya wiki 3, ubongo utajifunza nini?

Na hivyo vidonge. Siku za mwanzo, mtu anapotapika hata maji hayakai, vina kazi yake. Vikiendelea wiki baada ya wiki, aina nyingi za dawa hizo huuzubaisha ubongo usilione kosa, na kupona kunachelewa. Zahanati ya kwanza niliyokwenda mimi walinipa vidonge miezi 2 na hakuna aliyetamka neno mazoezi. Mpaka leo nikikumbuka naumia. Usiviache kwa kunisikiliza mimi, muulize daktari wako. Lakini muulize wiki hii.

Mwanaisha kasema pia unamtaja sana jirani aliyelazwa chali, akageuzwa kichwa, akainuka mzima siku hiyohiyo. Namwamini kabisa. Ila yule alikuwa na jambo jingine: chembe ndogo za chokaa zilizobanduka mahali pake ndani ya sikio zikaingia kwenye mfereji mmojawapo. John Epley, daktari wa Portland huko Marekani, ndiye aliyetunga namna ya kuzitoa kwa kugeuza kichwa hatua kwa hatua. Wenzake walimtilia shaka kwa miaka, na makala yake iliyojulikana zaidi ilitoka mwaka 1992. Kwa chembe, dakika chache aghalabu zinatosha. Wewe huna chembe, Zuhura. Wewe una ubongo wa kufundishwa, na hilo linataka siku. Usijipime kwa jirani.

Najua utauliza nani kathibitisha, hujaacha tabia hiyo tangu shule. Mazoezi haya si ya jana. Madaktari wawili, Terence Cawthorne na F. S. Cooksey, waliyaanzisha Uingereza miaka ya 1940, baada ya kuona kwamba wagonjwa wanaohimizwa kujongea mapema wanapona upesi kuliko wanaolazwa. Mwaka 2015 shirika la Cochrane, linalopitia tafiti za tiba, lilikusanya tafiti 39 zenye washiriki 2,441, watu wenye tatizo la sikio la upande mmoja kama sisi, na likaona mazoezi ni salama na yanasaidia. Tafiti zilitofautiana sana katika aina ya mazoezi, hilo nakubali, kwa hiyo hazikusema zoezi lipi linashinda mengine yote. Lakini hakuna popote walipomsifu anayelala.

Na ni muda gani unaombwa? Mwongozo wa wataalamu wa mazoezi ya viungo wa Marekani wa mwaka 2022 unasema kwa tatizo ambalo bado bichi, angalau mara 3 kwa siku, jumla dakika 12. Dakika 12! Likishazidi miezi 3 wanataka zisipungue 20 kila siku, kwa wiki 4 hadi 6. Kwa hiyo kila siku unayoiacha ile karatasi kwenye droo unajiongezea deni.

Mimi wiki ya kwanza nililia. Nilikuwa nashika ukuta kwenda msalani. Sikumbuki ilikuwa siku ya ngapi, nilikuwa nageuza kichwa nikihesabu, mara herufi ikasimama. Nikageuza tena, ikasimama tena. Nilikaa chini sakafuni nikamwita mama.

Sasa nijibu, tafadhali. Kinazidi ukigeukia kushoto au kulia? Unasikia sawasawa masikio yote mawili? Kama kuna sikio limeziba au linavuma, daktari anajua? Umewahi kuona vitu viwili viwili, au ulimi kuwa mzito? Hilo likitokea usiniandikie mimi, kimbilia hospitali saa hiyohiyo. Nani anasimama nawe unapojaribu kusimama umefumba macho? Miadi yako ni lini? Na kwa nini nimeyasikia haya kwa Mwanaisha, si kwako?

Kesho jioni nitakupigia. Ibandike herufi ukutani usawa wa macho, ukae kwenye kiti. Nitakuhesabia mimi, dakika moja tu, kisha utapumzika tuongee ya Mwanaisha na harusi yake.

Wako akupendaye,
Rukia