Picha ya Baltimore

Baltimore, Jumapili usiku

Shoga yangu Zuhura,

Asalaam aleikum. Najua, tangu Idi kimya. Usinianze. Mama Rehema anasafiri Alhamisi na nimempa bomba la karatasi akuletee. Watoto wasilifungue!

Ndani mna picha. Ni nakala tu. Ya asili ilichapwa New York na Thomas Kelly mwaka 1870, enzi za kuchora juu ya jiwe ndipo wachape. Ni gwaride la Mei 19 mwaka huohuo, hapahapa Baltimore, watu weusi wakisherehekea Marekebisho ya 15 ya Katiba ya Marekani: mtu asinyimwe kura kwa rangi yake, wala kwa kuwa aliwahi kuwa mtumwa. Katikati umati, ngoma mbele, mabwana juu ya farasi na makofia marefu utadhani wanakwenda kuposa. Pembezoni vijipicha: harusi, darasa, mtu na shamba lake. Chini ya lile shamba pameandikwa "Tunalima mashamba yetu wenyewe". Hapo chai yangu ilipoa.

Juu yumo Frederick Douglass, yule niliyekusimulia, aliyetoroka utumwa mwaka 1838 kwa treni kutoka mji huuhuu, kavaa kibaharia. Siku ya gwaride alikuja kuhutubia. Mji uleule, Zuhura!

Linalonikera ni hili: Bunge la Maryland, jimbo lenye mji huu, lilikuwa limekwisha kuyakataa Marekebisho hayo. Yalipita kwa majimbo mengine. Maryland imekuja kuyaridhia mwaka 1973, mama yako keshaolewa! Yaani watu wamepiga ngoma katika jimbo lililowaambia hapana. Sijui ni ukaidi au furaha tu. Na wanawake waliomo kwenye umati, kura yenyewe haikuwahusu, mpaka 1920. Wamejipamba kushangilia haki ya waume zao, kama sisi tulivyo... haya, naliacha.

Halafu nikapiga hesabu. Siku hiyo ngoma zinalia, soko la Mkunazini, kwetu Unguja, bado linauza watu. Lilifungwa 1873, enzi za Sultani Barghash. Nasi tulikuwa tukikatiza pale tukienda chuoni, midomo myekundu kwa ubuyu, hatuna habari.

Nakuomba basi, mpelekee yule fundi wako wa fremu. Mbao ya kawaida, asinitilie dhahabu. Kona ya kulia ina doa la manjano: ni mimi, niliipiga pasi ikunjuke. Nilitandika kanga juu yake, lakini wapi. Salum asijue, atanicheka mpaka Ramadhani.

Goti la Bi Mkubwa limepoa? Salum kapata ile kazi? Utaitundika ukumbini au darasani kwako? Ukiipeleka darasani, wanafunzi watauliza nini kwanza, farasi au lile shamba? Na ile picha yetu ya Mwaka Kogwa kule Makunduchi, uliyonikata kichwa, bado unayo?

Mwenzio,
Maryam