Wimbo wa Krismasi unaoupenda, na ule usioupenda

Habari zenu wapendwa,

Kabla ya Ijumaa jioni, naomba kila mmoja aandike humu wimbo wa Krismasi anaoupenda kuliko yote, na ule ambao angefurahi usipigwe kabisa. Sababu ni muhimu kuliko jina la wimbo, kwa hiyo msitume majina matupu.

Naanza mimi. Ninaoupenda ni Usiku Mtakatifu. Maneno yake yaliandikwa na padri Joseph Mohr, Franz Xaver Gruber akatunga muziki, na ukaimbwa mara ya kwanza mkesha wa Krismasi wa 1818 huko Oberndorf, Austria, kwa gitaa tu. Hauhitaji kinanda wala kwaya kubwa. Hata asiyejua kuimba anaufuata, na ukiimbwa taratibu watu wananyamaza wenyewe. Tafadhali, anayeupiga asiuharakishe!

Nisioupenda ni Jingle Bells. Najua wengi mtanipinga, hasa wenye watoto. James Pierpont aliuchapisha mwaka 1857, na ndani yake Krismasi haitajwi hata mara moja: ni farasi, theluji na mwendo wa kasi. Wimbo wa furaha, sawa, lakini mimi Desemba nataka kusikia habari za kuzaliwa kwa Mtoto.

Ombi moja: tusikebehi chaguo la mtu. Wimbo unaokuchosha wewe huenda mwenzako alifundishwa na marehemu mama yake. Mwenye kuweza kuimba ubeti mmoja, atume sauti.