Kwa mdogo wangu, kabla hujafungua studio na mchumba wako

Mdogo wangu,

Ujumbe wako ulinifikia usiku nikiwa bado studio. Niliusoma mara mbili nikazima simu. Umeniomba mambo mawili, kana kwamba hatujanyamaziana miaka miwili: nikuchoree kadi ya harusi, na nikuambie mtaanzaje studio yenu ya usanifu wa michoro bila kuharibiana nyumba. Kila nikianza kukujibu inatoka hasira, nafuta. Basi nakuandikia hapa kwenye ukurasa wangu, maana najua unapita kusoma ingawa hujawahi kuacha hata salamu.

Naanza na la kazi, hilo ni jepesi.

Mmoja wenu awe wa mwisho kufungua faili kabla halijaenda kwa mchapaji. Mmoja, siyo wawili. Watu waliooana wana ugonjwa wa kuaminiana: yeye anadhani nimeshapitia mimi, mimi nadhani kapitia yeye. Usiku wa vile vipeperushi unaukumbuka. Maandishi madogo meusi yalikwenda yamejengwa kwa rangi zote nne za uchapaji badala ya nyeusi peke yake, na kwenye mashine zile sahani nne za kuchapia, moja kwa kila rangi, hazilaliani barabara siku zote. Moja ikiteleza hata unene wa unywele, herufi inaota kivuli. Tulipofungua boksi la kwanza nilichukua kioo cha kukuzia, nikaona kila herufi ina ukingo wa waridi upande mmoja na wa samawati upande wa pili. Mtu asiye wa kazi hii angesema tu macho yanamuuma. Tulirudia kazi nzima kwa fedha yetu. Faili lile uliliandaa wewe, na mbele ya mteja sikukutaja. Nilisema "kosa letu". Naomba na hilo ulikumbuke.

Jingine, kila mmoja alipwe mshahara wake, hata uwe mdogo, kwenye akaunti yake. Sisi miaka minne tulichota chungu kimoja, nikajikuta namwomba mume wangu fedha ya kazi niliyoifanya mwenyewe. Malipo ya awali na ratiba wateja watawafundisha, tena haraka.

Sasa lile.

Ile nembo niliichora mimi. Unajua niliichora mimi, kwa sababu wiki tatu ulikuwa unafagia makombo ya raba chini ya kiti changu. Ulikuwepo nilipogundua kwamba nafasi nyeupe kati ya zile herufi mbili za mwanzo inaweza kuwa mlango. Nilikuita, ukafumba jicho moja, ukasema, "Dada, umeupata." Shemeji yako wiki hizo alikuwa kwenye kazi nyingine kabisa. Aliingia siku mbili za mwisho kupanga rangi, na rangi zilikaa vizuri, simpunji haki yake.

Siku ya kuwasilisha, yule mzee wa upande wa mteja aliishika karatasi, akaisogeza mbali na macho, akatabasamu. "Mkono wa nani huu?" Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Ukaniwahi: "Wa shemeji." Tena ukacheka kidogo, kwa fahari. Mzee akamgeukia, akampa mkono, na mume wangu akaupokea.

Nilingoja aseme. Kalamu yake ilikuwa inabingirika mezani, akaidaka kabla haijaanguka, halafu akaanza kumweleza mzee habari za ile nafasi nyeupe. Kwa maneno yangu. Maneno niliyokuambia wewe ukiwa na ufagio mkononi.

Yeye nimemsamehe. Aliniomba radhi usiku uleule kabla hajavua viatu, na asubuhi akampigia mteja simu mbele yangu akasema ukweli. Yeye alinyamaza, wewe ulisema. Baadaye ukamwambia mama kwamba wiki ile mimi naye tulikuwa hatusemezani, ukaona akipewa sifa atalainika. Yaani ulichukua kazi yangu ukaifanya dawa ya ndoa yangu, na hukuniuliza.

Na ile picha ya Charles na Ray Eames, wale wabunifu wa Marekani, mume na mke, uliyoibandika juu ya meza yako! Ulipenda kusema hao ndio mfano wetu. Walioana mwaka 1941, wakafanya kazi pamoja mpaka Charles alipofariki tarehe 21 Agosti 1978, na Ray akafariki 21 Agosti 1988, tarehe ileile, miaka kumi baadaye. Hiyo ndiyo uliyokuwa unamsimulia kila mgeni. Hukuwa unasimulia mwaka 1956, walipoalikwa kwenye televisheni ya Marekani kuonyesha kiti chao kipya, mtangazaji akamtambulisha Ray kama mwanamke aliye nyuma ya mwanamume aliyefanikiwa. Ray huyo alikuwa mchoraji kabla hawajakutana, na miaka ya 1940 alibuni majalada ya jarida la Arts & Architecture kwa mkono wake. Nilikuambia habari hiyo, ukanijibu, "Lakini walipendana." Walipendana, ndiyo. Picha bado ipo ukutani. Sikuibandua.

Mama anasema nilikufukuza. Kufukuza ni kumtupia mtu vitu vyake nje. Mimi nilikulipa miezi miwili ya mbele, nikakuandikia barua ya kukutambulisha, barua nzuri, na sidhani kama kazi uliyonayo ungeipata bila hiyo. Nilikuambia kazi zimepungua. Hazikuwa zimepungua. Lakini ningewezaje kukaa nawe meza moja, nikiinua karatasi kukuonyesha nisijue kesho utaipa jina la nani? Niambie, ningewezaje?

Mchumba wako ni mpole, nampenda. Lakini wateja watamtazama yeye. Utawaona macho yanakupita yanakwenda kwake, hata swali ukilijibu wewe. Basi kila rasimu iandikwe nyuma kwa penseli, nani kaichora na siku gani, tangu wiki ya kwanza, mkiwa bado mnacheka. Na mwambie mapema, kabla hamjaingia kwa mteja, kwamba mtu akiuliza "nani?" naye akanyamaza, atakuwa amejibu. Mimi sikumwambia wangu. Nilidhani mume anajua. Na wewe nilidhani unajua zaidi, kwa kuwa tumelala chumba kimoja tangu utoto.

Kadi nimeianza. Karatasi nzito isiyong'aa, wino mmoja tu, isiwepo sahani ya kuteleza. Rasimu ya kwanza iko hapa mezani, nyuma nimeandika jina langu na tarehe. Majina yenu nimeacha wazi, sijui mnataka lipi litangulie.

Njoo uikague mwenyewe. Usimtume mama.

Dada yako