Chupa ya Maji Mliyomnyang'anya Mama Yangu

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wageni,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU SIKU YA KWANZA MELINI, SAFARI YA DUBAI HADI MASKATI

Salamu, na natumai kazi zinaendelea vyema.

Ninaandika kuhusu Jumamosi tuliyopanda meli yenu Bandari ya Rashid, mimi na mama yangu mzazi mwenye miaka 71. Taratibu zenu mnazijua, sitawasomesha. Nataka mjue zilivyomfika yeye.

Bandarini msichana wenu aliipitisha kadi yangu ya benki, akatupa kadi mbili za melini, za kulipia na kujitambulisha, akasema zote zimeshafunguliwa. Nilimuuliza mara mbili. Akajibu mara mbili, anatabasamu.

Saa kumi alasiri mama humeza kidonge cha presha. Chumba kilikuwa bado, ingawa mlituandikia saa nane, kwa hiyo nilimkalisha ukumbini nikaenda mapokezi kuulizia. Akaomba maji. Kijana akamletea chupa, akamkabidhi, akaipitisha kadi kwenye kimashine. Kikalia. Akapitisha tena, kikalia tena. Akatangaza kadi haina kitu, sauti ikafika meza ya nne, akamtoa mama chupa mkononi, akairudisha kwenye friji na kuufunga mlango. Nilikuwa narudi, hatua kama kumi kutoka pale, nimeyaona kwa macho yangu. Niliinunua chupa ile ile kwa kadi yangu. Mama hakuigusa. Kidonge alikimeza kwa mate.

Mtasema maji ya bure yapo kule juu kwenye chakula. Yapo, ndiyo. Yako deki sita juu, na lifti siku ile zilikuwa zimejaa mikokoteni ya masanduku.

Chumba tulikipata saa kumi na moja. Niliomba vitanda viwili vya chini, kwa sababu ya magoti yake, na mkanijibu kwa maandishi kwamba sawa. Tulikuta kitanda kimoja na kingine kinaning'inia darini, na ngazi. Nikalala huko juu kama kuku. Runinga ilikuwa bado inawakaribisha kwa majina wageni waliotutangulia. Mizigo ilifika mlangoni saa tano usiku, na muda wote huo mama alikuwa amekaa na baibui lake la tangu asubuhi.

Nimesahau zoezi la uokoaji, nalo lilikuwa kabla ya mizigo. Honi saba fupi na moja ndefu. Mama ni mtu wa Nungwi. Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilipozama, alimpoteza mtoto wa dada yake, na tangu siku hiyo hakukanyaga chombo hadi nilipombembeleza kwamba hii ni kubwa, haina shida. Basi tulipofika kwenye kituo chetu, jaketi kalivaa, mikono inamtetemeka, mfanyakazi wenu akaipitisha kadi ile ile, ikakataa, akamwambia hayumo kwenye orodha, asimame pembeni. Hayumo kwenye orodha! Na meli ilishaanza kusogea. Sababu ya zoezi hilo kutakiwa kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka mnaijua kuliko mimi. Meli ya Costa Concordia ililala ubavu pale kisiwa cha Giglio, Italia, 2012, watu 32 wakafa. Jina la mama liliandikwa kwa kalamu, chini kabisa ya karatasi, baada ya mimi kupiga kelele.

Wanasheria wenu watasema hili ndilo zito. Pengine. Kwangu zito ni chupa, na narudi pale, kwa sababu kuna kitu sikukijua hadi mama aliponisimulia usiku. Vidole vyake vina baridi yabisi, hawezi kufungua kizibo. Kijana alipoishika chupa, mama alidhani anataka kumfungulia. Akamwachia mwenyewe. Akamwambia, "Ahsante, mwanangu." Na ule mkono aliokuwa ameunyoosha nilipomwona, ambao nilidhani anagombea maji yake, alikuwa anasubiri arudishiwe. Friji ikafungwa, mkono bado uko hewani. Nilipotaka kumfuata yule kijana, mama akanishika: "Mwache. Maji yao."

Mapokezi nilipanga foleni saa nzima na dakika ishirini niambiwe kwamba kadi ya mama "haikuunganishwa", na kwamba maelekezo yapo kwenye runinga. Ile runinga ya wageni wengine.

Nilipoanza kuandika nilitaka kitu kimoja tu, barua ya kumwomba radhi mama, kwa Kiswahili, yenye saini ya mkubwa wa meli. Lakini nimeipitia hesabu mliyotupa siku ya kushuka. Akaunti ya mama, isiyoweza kulipia chupa ya maji, imekatwa bakshishi ya kila siku, kuanzia Jumamosi hiyo hiyo. Kumbe kwa hilo iliunganishwa.

Kwa hiyo nataka barua, na bakshishi yote irudi, na nauli ya mama yote. Na tofauti ya chumba. Nataka pia maelezo ya maandishi jinsi abiria alivyopita lango lenu, pasipoti mkaishika nyinyi, kisha akawa hayumo kwenye orodha ya uokoaji.

Nawapa siku 14. Zikipita, benki yangu itayapinga malipo yote, yangu na yake, na habari ya orodha nitaipeleka kwa mamlaka ya usafiri wa majini ya nchi ambayo meli yenu inapeperusha bendera yake. Karatasi yenye jina lililoandikwa kwa kalamu nimeipiga picha. Chupa ninayo pia. Haijafunguliwa.

Wenu mteja,
Mtoto wa bibi wa kitanda cha chini

Nakala: Wakala wa tiketi, Deira
Nakala: Benki yangu