Nakala za ramani za kale zisikatwe mwaka wala skeli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili niseme juu ya desturi inayoonekana hapa Tanga, ya kupamba kuta za nyumba za wageni, mikahawa na ofisi kwa nakala za ramani za kale. Desturi hiyo naipenda kwa dhati. Nimefundisha jiografia kwa miaka mingi, na sijaona pambo jingine linalomfanya mtu asimame, asogeze uso na kuanza kuuliza maswali kama ramani. Ninacholalamikia ni jinsi nakala hizo zinavyochapwa na kutiwa fremu, kwa kuwa mara nyingi pambizo hukatwa, na pamoja na pambizo huondoka jina la mchoraji, mwaka na skeli.

Watu wa Tanga tuna sababu yetu ya kulijali jambo hili. Mwaka 1854 mmisionari Mjerumani, Jakob Erhardt, alikaa mjini hapa kwa miezi kadhaa akiwauliza wafanyabiashara wa misafara habari za bara, na masimulizi hayo ndiyo msingi wa ramani aliyoitoa pamoja na mwenzake Johannes Rebmann, ikachapishwa Ulaya mwaka 1855 na 1856. Katikati ya ramani hiyo limechorwa ziwa moja kubwa mno, limelala na kujipinda mithili ya konokono asiye na gamba. Waliomsimulia hawakumdanganya. Kila njia ya misafara ilifika kwenye maji makubwa, na kila msafiri alieleza maji aliyoyaona yeye. Kosa lilitokea pale maziwa matatu, yaani Viktoria, Tanganyika na Nyasa, yalipounganishwa kuwa moja. Ramani hiyo iliwashughulisha sana wataalamu wa London, hata mwaka 1857 wakaja wapelelezi Waingereza Burton na Speke, ambao kwanza walipita Pangani na kupanda hadi Vuga kwa Kimweri, mfalme wa Wasambaa, kabla ya kufunga safari ndefu ya bara. Mwaka 1858 walifika Ujiji, kisha Speke, bila Burton, akafika kusini mwa Ziwa Viktoria, ikadhihirika kuwa hayo ni maziwa mbalimbali.

Sasa nimeikuta nakala ya ramani hiyo katika nyumba moja ya wageni, imechapwa vizuri kwenye turubai, lakini haina jina wala mwaka. Mhudumu, kijana mwenye adabu, alikuwa akimweleza mgeni kwamba hiyo ni ramani ya utawala wa Wajerumani na kwamba ziwa lile ni Viktoria. Simlaumu hata kidogo, kwa sababu ukutani hapakuwa na neno la kumsaidia. Utawala huo ulikuja miaka 30 hivi baadaye, na habari iliyokusanywa hapa hapa mjini, kutoka vinywani mwa watu waliokwenda bara kwa miguu, ilipita mbele ya macho yetu bila kutambuliwa.

Skeli nayo ina matatizo yake. Ramani kubwa ya Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani, iliyochapishwa Berlin na Dietrich Reimer ni ya 1:300,000, yaani sentimita 1 ni kilomita 3. Nakala ikikuzwa mara mbili ili ijaze ukuta, tarakimu zile hubaki zilivyo ilhali sentimita 1 imekuwa kilomita moja na nusu. Mwanafunzi mmoja aliweka rula kutoka Tanga hadi Muheza kwenye nakala ya namna hiyo akapata zaidi ya kilomita 70, umbali ambao kwa mstari ulionyooka ni karibu nusu yake. Skeli ya mstari, yaani mstari uliogawanywa kuonyesha kilomita, haina kosa hilo, kwa kuwa hukua pamoja na ramani. Nayo, kwa bahati mbaya, hukaa chini kabisa pembezoni, ndiyo ya kwanza kuangukia kisu.

Kwa hapa kwetu mwaka uliopotea unaweza kukisiwa kwa kuifuata reli. Ujenzi ulianza Tanga mwaka 1893, Korogwe ikafikiwa mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, na kabla ya vita ya 1914 treni zilikuwa zikifika Moshi. Basi ukiona mstari wa reli umekomea Mombo, na Lushoto imeandikwa Wilhelmstal, unajua uko karibu na mwaka gani. Mimi hufurahi sana kufanya uchunguzi huo, lakini hatuwezi kuudai kwa kila mteja anayesubiri chai yake.

Kwa hiyo nawaomba wachapaji na mafundi wa fremu waipunguze ramani nzima pale fremu inapokuwa ndogo, badala ya kuikata. Chini yake pawekwe kibandiko chenye jina la mchoraji, mwaka, skeli ya asili na kiasi nakala ilivyokuzwa au kupunguzwa. Wenye nyumba wasiitundike panapopigwa na jua, kwani rangi hupauka, na wakiweza watundike kando yake ramani ya leo ya mkoa wetu, ili mtu alinganishe majina na njia.

Nakala yangu mwenyewe ilikatwa nikiwa nimekwenda kununua misumari. Niliporudi, kipande chenye mwaka na skeli ya mstari kilikuwa chini ya meza, kimechanganyika na vumbi la mbao. Nilikiokota nikakibandika nyuma ya fremu, na anayetaka kupima umbali nyumbani kwangu huishusha kwanza ramani ukutani.

Mwalimu mstaafu wa jiografia,
Chumbageni, Tanga.